Mjomba Fundi Anajibu: Friji jipya limekufa, la mama bado linagandisha

Mwezi huu barua nyingi zimetoka Tanga mjini, na karibu zote zinalia kilio kimoja, vitu havidumu. Nimeanza na ya friji maana ndiyo iliyoulizwa na wengi, nimeijibu kwa kirefu, wengine mtanisamehe majibu yenu mafupi.

Shikamoo mjomba. Naandika kutoka Sahare. Friji letu tulinunua jipya dukani, halijamaliza hata miaka mitatu, sasa hivi linapiga tik, linanguruma kidogo, tik tena halafu kimya. Fundi aliyekuja hakufungua kitu, alitega sikio tu akasema kompresa imekufa, na bei aliyonitajia bora ninunue jingine. Mama yangu Chumbageni ana friji tangu mimi nasoma primari na mpaka leo anauza barafu. Hivi vitu vya siku hizi vinatengenezwa ili vife?

Marahaba mwanangu. Usinunue kwanza. Kompresa haipimwi kwa sikio, na inaniuma sana kuona watu wanatupa friji zima kwa kitu cha kukaa kiganjani.

Chomoa plagi ukutani, halafu nyuma ya friji huko chini utaona kompresa, lile dude jeusi la mviringo, na ubavuni mwake kuna kiboksi kidogo cha plastiki. Ndani ya kiboksi mna rilei ya kustatia, yaani kidude cha kuianzisha kompresa, na mna ovalodi, kidude cha kuilinda. Hiyo tik unayoisikia ni ovalodi inakata, imeona kompresa inavuta umeme mwingi na haizunguki, inakata isije ikaungua. Sasa kwa nini haizunguki, sababu zipo kadhaa na kompresa kufa ni moja tu kati ya hizo. Ukiona pana kapasita hapo, kidude kinachotunza umeme, usishike miguu yake, inaweza kubaki na umeme hata plagi ikiwa nje, hapo mwachie fundi. Kama haipo, ichomoe rilei taratibu, itikise karibu na sikio. Ikilia kama ina vijiwe ndani, ile ndogo ya kisasa, ujue imevunjika, nenda nayo mkononi duka la spea wakupe yenye namba ile ile, bei yake na bei ya friji haviko hata jirani.

Rilei ikiwa nzima, mwambie fundi apime kompresa yenyewe kwa mita mbele yako. Kompresa ina pini tatu. Anapima omu, yaani ukinzani wa waya, kati ya kila pini mbili, anapata namba tatu, na zile mbili ndogo ukizijumlisha lazima zikaribie ile kubwa. Halafu anapima kila pini na chuma cha nje cha kompresa, hapo mita isisome kitu. Zikikaa hivyo koili, nyaya za ndani ya mota, ni nzima, na kama fundi bado anang'ang'ania imekufa muulize imekufaje, asipokuwa na jibu mshukuru mwite mwingine. Hiyo hesabu ni ya dakika chache na yeyote aliyesomea friji anaijua.

La pili ni umeme. Wetu unatakiwa uwe volti 230, lakini jioni watu wote wamewasha majiko, pasi na viyoyozi unashuka, na kompresa ikipata umeme mdogo inashindwa kuanza, inavuta ampia nyingi, inachemka, tik. Kama friji linafanya hivyo jioni tu na asubuhi linawaka vizuri basi tatizo halimo ndani ya friji. Angalia pia kama umelichomeka kwenye ekstensheni ya waya mwembamba pamoja na tivii na chaja za simu, litoe hapo, lipe soketi yake peke yake. Na nunua friji gadi, sio ya urembo, ile inayokata umeme ukishuka au ukipanda kupita kiasi na ukirudi inasubiri dakika kadhaa ndiyo iruhusu. Kule kusubiri ndiko kunakookoa kompresa, maana umeme ukikatika na kurudi hapo hapo presha ya gesi ndani haijakaa sawa, kompresa inalazimishwa kusukuma ikiwa imebanwa.

Na kitu kimoja naomba mnisikilize wote mnaojaziwa gesi. Soma stika iliyoko kwenye kompresa au nyuma ya friji. Friji nyingi mpya zinatumia gesi inayoitwa R600a, za kabla yake R134a. Hizi hazichanganywi, presha zake tofauti na oili zake tofauti, sasa mafundi wengine wana mtungi mmoja tu na friji lolote wanalijaza humo humo, linapoa wiki mbili tatu halafu kompresa inakufa kweli. Halafu R600a inashika moto. Inakaa kidogo tu, friji la kawaida la nyumbani halizidishi gramu 150, lakini fundi akija na tochi ya kuchomelea kabla hajaitoa gesi yote nje, kwenye jiko lililofungwa madirisha, mzuie. Sisemi hili kuwatisha.

Sasa swali lako la mwisho, kwamba vinatengenezwa ili vife. Yamewahi kutokea, kwa maandishi kabisa. Mwaka 1924 makampuni makubwa ya balbu yalikutana Geneva yakakubaliana balbu isizidi saa 1,000 wakati zilizokuwepo zilikuwa zinafika 1,500 na hata 2,000, na kampuni ambayo balbu zake zilidumu zaidi ilitozwa faini. Kwa hiyo anayekwambia hizo ni hadithi za vijiweni mjibu hivyo. Lakini kwenye friji lako mimi naona zaidi ni kubana gharama kuliko njama. Friji la mama lina ule wavu mweusi wa mabomba mgongoni, nje kabisa, likitoboka unaona na unachomelea. Lako ukilishika ubavuni likiwa linafanya kazi utasikia joto, mabomba yamefichwa ndani ya ukuta wake yamezungukwa na foma, yakivuja huko ndani hakuna wa kuyafikia. Limetoka zuri, jembamba, halina kitu kinachoonekana, na halitengenezeki. Hilo ndilo linalonikasirisha kuliko yote, kwa sababu mtu kalipa hela yake ya halali.

Tuwe wa kweli pia. Friji za zamani zilikula umeme mwingi, na nyingi zilitumia R12, gesi inayokula tabaka la ozoni, ndiyo maana dunia ikaanza kuzipiga vita kwa mkataba wa Montreal wa 1987. Na mengi yaliyonunuliwa wakati mmoja na la mama yalishauzwa skrepa zamani, sisi tunaliona lililobaki. Hata hivyo kurudisha uwezo wa kutengeneza inawezekana, wenzetu Umoja wa Ulaya tangu Machi 2021 wamemlazimisha anayeuza friji kwao awe na spea kama thamostati na bodi za umeme kwa miaka isiyopungua 7, na mpira wa mlango miaka 10. Ufaransa mwaka huo huo wakaanza kubandika alama kwa baadhi ya vifaa kuonyesha kinatengenezeka kwa kiasi gani, mnunuzi anaiona dukani kabla hajatoa hela. Mimi natamani TBS, shirika letu la viwango, na Tume ya Ushindani wafike huko, waulize spea na sio usalama na ufeki peke yake. Kwa sasa uliza mwenyewe: mpira wa mlango unatoka na unauzwa? Bodi yake ipo mjini? Muuzaji akikodoa macho nenda duka la pili.

Na wewe uko Sahare, chumvi ya bahari inakula chuma huku wewe umelala. Kila baada ya muda chomoa friji, futa nyuma kwa kitambaa chenye maji baridi ya bomba kilichokamuliwa, kausha, usiliegemeze ukutani, liachie nafasi ya kiganja lipumue.

Mambo vipi fundi, niko Ngamiani. Pangaboi la sebuleni linazunguka kinyonge, siku nyingine halianzi mpaka nilisukume na mti wa ufagio. Mota imekwisha?

Hapana kaka, hiyo karibu kila mara ni kapasita. Zima umeme kwenye meni swichi, sio swichi ya ukutani peke yake, shusha kile kikombe cha juu, utaona kidude cheusi cha pembe nne chenye nyaya mbili. Kimeandikwa namba, kwa mapangaboi mengi ni maikrofaradi 2.5. Nunua namba ile ile, usiongeze ukidhani litakwenda kasi, utaichemsha mota. Ukishabadilisha likawa bado zito, lizungushe kwa mkono umeme ukiwa umezimwa, likikwaruza ni beringi.

Mwanangu fundi, mimi ni bibi wa Raskazone. Ukuta wa chumba changu upande wa chini rangi inabambuka na lipu inamwagika unga mweupe. Kila mwaka vijana wanakuja kukwangua na kupaka rangi ya mafuta, miezi haipiti imerudi. Wanasema ni fangasi.

Shikamoo bibi. Huo unga sio fangasi, ni chumvi. Maji yanapanda kutoka chini ya msingi yakiwa na chumvi, yakifika juu yanakauka, chumvi inabaki inavimba na kuisukuma lipu. Rangi ya mafuta ndiyo inayoharibu zaidi, inauziba ukuta usipumue, maji yanatafuta pa kutokea juu zaidi ya pale pa mwaka jana. Nakuomba mwaka huu usiwape hela ya rangi kwanza. Wazunguke nje waangalie udongo au sakafu ya baraza imepanda mpaka wapi, mara nyingi watu wamemwaga kifusi na zege mpaka ukuta umezikwa, na maji ya paa yanamwagika pale pale. Wachimbe kifusi kiondoke, mfereji upeleke maji mbali. Ndani wabandue lipu yote iliyooza na kupita kidogo hapo ilipoishia, chumvi waipige kwa brashi kavu, wasiioshe kwa maji maana itarudi ndani. Halafu iachwe wazi ikauke, na hapo ndipo vijana wanaposhindwa, ni miezi sio siku.

Kama nyumba yako ni ya zamani ya mawe ya matumbawe na chokaa, bibi, wasiguse saruji kabisa. Irudishwe lipu ya chokaa, juu wapake chokaa. Inaruhusu unyevu utoke, na ikichakaa inachakaa yenyewe, jiwe linabaki. Saruji juu ya matumbawe inafanya kinyume. Na mchanga wauulize umetoka wapi, wa ufukweni unakuja na chumvi yake, hapo mtakuwa mmeanza upya.

Fundi, nauza bajia Mabawa. Blenda inanguruma lakini kisu hakizunguki, na imeanza kunuka. Ya tatu hii!

Dada, geuza jagi uangalie ile gia ya mpira au plastiki chini yake, na mwenzake aliye juu ya mota. Meno yakiwa yameliwa mota inazunguka bure, ndio huo mlio. Vyote viwili vinauzwa, nenda navyo dukani wavilinganishe. Ile ya kwenye mota mara nyingi inafunguka upande wa kinyume na nati za kawaida, usiilazimishe ukaivunja. Harufu ni mota kuchemka. Kunde zilowekwe usiku kucha, saga kidogo kidogo na maji ya kutosha, dakika moja halafu uipumzishe, blenda za nyumbani nyingi zimeandikwa hivyo chini kwa herufi ndogo. Kwa kazi ya biashara ya kila siku ulizia mashine ya kusagia yenye mota kubwa, na kabla hujalipa mwambie muuzaji akuonyeshe gia na visu vya akiba.