Magari ya Kimarekani yanafikia ya nje? Jibu la fundi wa Louisville

Mkuu, karibu Kentucky. Nimesoma swali lako pamoja na majibu ya waliotangulia, nikaona niandike kwa kirefu, kwa sababu hela uliyoshika ni ya jasho na umesema nyuma yake huna nyingine.

Kwa wanaoingia sasa hivi: ndugu yetu ametokea Lubumbashi, anafanya kazi ya usiku ghalani, ana familia na dola 9,500 taslimu. Amepata magari mawili ya bei karibu sawa, Toyota Camry ya 2014 yenye maili 155,000 na Chevrolet Impala ya 2017 yenye maili 88,000. Shemeji yake anamkataza kabisa kugusa gari la Kimarekani. Mwenzake wa kazini, mzaliwa wa hapa, anamwambia wageni tunatupa hela kununua jina. Anauliza nani msema kweli, na kama baadaye anaweza kulisafirisha gari hilo nyumbani.

Mimi ni fundi. Nilianzia Gerezani, Dar es Salaam, kwenye Corolla na Hiace, na sasa niko gereji hapa Louisville. Msimamo wangu ni huu: Wamarekani wanajua kutengeneza gari, tena sana, ila moyo wao wanauweka penye faida. Pikapu na magari makubwa wameyatengeneza kwa moyo mmoja. Magari madogo wameyatengeneza kwa shingo upande, na aliyeumia ni mnunuzi wa kipato cha chini. Ndiyo maana shemeji yako ana hoja na mwenzako naye ana hoja. Kila mmoja ana gari lake kichwani.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu hili "gari la nje". Nenda kaangalie namba ya chasisi ya hiyo Camry. Simama nje upande wa dereva, chungulia chini ya kioo cha mbele, utaona kibao chembamba chenye herufi na tarakimu 17. Ikianza na 1, 4 au 5, gari limeunganishwa Marekani. 2 ni Kanada, 3 ni Mexico, J ni Japani, K ni Korea Kusini. Camry yako karibu hakika itaanza na 4, maana Camry nyingi za soko hili zinatoka kiwanda cha Toyota cha Georgetown, hapahapa Kentucky, mwendo wa saa moja na kitu kutoka Louisville. Kiwanda hicho kilianza kuzitoa mwaka 1988. Sasa tazama Impala: ikianza na 1 imetoka Detroit, ikianza na 2 imetoka Oshawa, Kanada. Kwa hiyo inawezekana kabisa hilo gari lako la "Mjapani" limefungwa bolti na jirani zako wa Kentucky, na la "Mmarekani" likavuka mpaka kuja huku. Chevrolet Trax inatoka Korea. Ford Maverick inatoka Hermosillo, Mexico. Wakati huohuo Honda walianza kuunda Accord pale Marysville, Ohio, mwaka 1982. Bendera iliyobandikwa kwenye boneti haikwambii kitu kuhusu ubora.

Jina baya la magari madogo ya Kimarekani halikutoka hewani, lakini. Mwaka 1973 nchi za Kiarabu zilipofunga mafuta, Wamarekani walipanga foleni vituoni wakiwa na magari mazito ya silinda nane. Magari madogo ya Detroit, yaani ya makampuni ya Kimarekani, ya wakati huo ndiyo yale ya Chevrolet Vega, yenye bloku ya alumini iliyopinda ikichemsha na bodi iliyoshambuliwa na kutu mapema, na Ford Pinto, ambayo tangi lake la mafuta lilikaa nyuma kwa namna iliyoleta hatari ya moto gari likigongwa, hadi yakaitwa kurudi kurekebishwa mwaka 1978. Watu wakaonja Civic na Corolla, wakakuta gari linawaka asubuhi, linakunywa kidogo, halisumbui. Hawakurudi. Watoto wao nao hawakurudi.

Kuna wanaosema tatizo ni mfanyakazi wa Kimarekani, kwamba ni mvivu na chama chake kinamlinda. Hilo nalikataa kabisa, na ushahidi upo. General Motors, wenye nembo za Chevrolet, Pontiac na Buick, walikuwa na kiwanda Fremont, California, kilichosifika kwa utoro na kazi mbovu, wakakifunga 1982. Mwaka 1984 kikafunguliwa upya kwa ubia na Toyota, kikaitwa NUMMI. Wengi wa walioajiriwa walikuwa walewale wa zamani, na chama cha wafanyakazi kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni uendeshaji. Viongozi wa vikundi walipelekwa Japani, kwenye kiwanda cha Takaoka, kujifunza. Kila mfanyakazi akapewa kamba ya kuvuta akiona kasoro, na asipopatikana wa kuitatua haraka, mstari mzima unasimama. Zamani pale Fremont kusimamisha mstari lilikuwa jambo lisilowezekana. Gari bovu lilisonga mbele na bolti zake zilizokosekana, likarekebishwe uani. Haukupita muda mrefu, magari ya NUMMI yakawa yanalingana kwa ubora na yale ya Japani.

Kwenye mstari huo ndiko ilikotoka Pontiac Vibe, ambayo kwa ndani ni Toyota Matrix, injini na gia boksi vya Toyota. Kwa miaka mingi Vibe iliuzwa kwa bei ya chini kuliko nduguye kwa sababu tu ya nembo. Nimewahudumia watu wenye Vibe zilizopita maili 200,000 na injini haijawahi kufunguliwa. Kama bajeti yako ingekuwa nusu ya hii, ningekutuma ukatafute hiyo.

Sasa kwa nini General Motors, baada ya kuoneshwa njia nyumbani kwao, hawakuifuata haraka kwenye magari yao yote? Kwa sababu hela ilikuwa kwingine. Mwaka 1964 serikali ya Marekani iliweka ushuru wa asilimia 25 kwa pikapu na magari ya mizigo kutoka nje, kulipiza kisasi kwa Wazungu wa Ulaya waliowawekea ushuru kuku wa Kimarekani. Ugomvi wa kuku ulikwisha, ushuru ukabaki mpaka leo. Ikawa kwenye pikapu Detroit hawana mshindani wa maana, wanapanga bei wanavyotaka, na wahandisi wazuri wakapelekwa huko. Ford F-Series imeongoza mauzo ya pikapu nchini humu tangu 1977. Zile kubwa za Super Duty zinatengenezwa hapa Louisville, na hazijaundwa na mtu aliyekuwa anabania senti. Vivyo hivyo Crown Victoria, lile gari la polisi na teksi: fremu nzima chini, injini ya silinda nane (V8) ya lita 4.6 isiyo na haraka, nafasi ya kutosha kuingiza mkono ukabadilisha kitu bila kung'oa nusu ya gari. Na Buick za zamani zenye injini ya silinda sita (V6) inayoitwa 3800. Kuna mzee mmoja Mkongomani hapa mjini, fundi seremala, anaendesha LeSabre yenye injini hiyo. Imevuka maili 250,000 na asubuhi ya baridi kali inawaka kwa kugusa ufunguo mara moja. Naiheshimu injini ile kama ninavyoiheshimu ya Corolla.

Upande wa pili wa sarafu ni gari dogo. Ford Focus za kuanzia 2012 na Fiesta za kuanzia 2011 zilikuja na gia boksi ya klachi mbili iliyotetema na kuteleza, wenye magari wakaishitaki kampuni kwa pamoja, ikakubali kulipa. Hizo ndizo unazokuta leo kwenye yadi za bei poa zimeng'arishwa, na muuzaji anakwambia "maili chache, mkopo bila shida". Zipite. Aprili 2018 Ford wenyewe walitangaza kuachana na sedani, yale magari ya chini yenye buti nyuma, Marekani ya Kaskazini, wakabakiza Mustang. Hapo waliungama kwa vitendo kwamba huko moyo haukuwepo.

Ila wale wanaoimba "Mjapani haharibiki" nao wanawaponza watu. Mama mmoja wa Burundi alinunua sedani ya Kijapani kwa sababu kanisani walimwambia chukua yoyote ya Kijapani. Kampuni siitaji. Gia boksi yake ilikuwa ya mkanda, ile isiyobadilisha gia kwa hatua. Alipoileta kwetu ilikuwa inalia kama inavuta mzigo mlimani hata kwenye barabara tambarare, na ukikanyaga mafuta mshale unapanda lakini gari haliendi. Nilichomoa oili yake ikatoka nyeusi, ina vumbi la chuma linalong'aa ukilisugua kati ya vidole. Gia boksi nyingine ilikuwa inamgharimu zaidi ya nusu ya alichonunulia gari. Aliliuza kama chakavu na akarudi kupanda basi. Inauma, kwa sababu alifanya alichoambiwa.

Hata Toyota wana miaka ya kuikwepa. Camry za 2007 hadi 2009 zenye injini ya lita 2.4 zilikula oili hadi kampuni ikaweka mpango wa kubadilisha pistoni na ringi. Fremu za pikapu yao ya Tacoma za miaka ile zililiwa na kutu hadi zikabadilishwa nzima kwa gharama ya kampuni. Mifuko ya hewa yenye kasoro ya Takata, kampuni ya Kijapani, ndiyo iliyoleta zoezi kubwa kuliko yote la kuita magari kurudi katika historia ya nchi hii, na ikaingia kwenye Honda na Toyota kama ilivyoingia kwenye Ford na BMW. Kwa wastani bado Toyota anaongoza, sina ubishi. Consumer Reports, jarida la kupima bidhaa ambao hawachukui matangazo ya biashara, wanamweka yeye na Lexus, nembo yake ya kifahari, juu mwaka baada ya mwaka. Lakini wewe hununui wastani, unanunua gari moja lenye historia yake.

Haya, tuje kwenye yako mawili.

Camry ya 2014 ina injini ya lita 2.5 isiyokuwa na tatizo lile la oili, na gia boksi ya kawaida ya gia sita. Maili 155,000 kwake si uzee. Impala ya 2017 nayo ni gari ambalo wengi wanalidharau bila kulijua. Lilipotoka umbo jipya, mwaka 2013, Consumer Reports haohao waliliweka juu ya sedani zote walizozipima. Sedani ya Kimarekani haikuwa imefika hapo kwa miaka isiyopungua 20. Pana, tulivu, haina utoto. Halafu mwaka 2020 wakaliua, kwa sababu watu wamehamia kwenye magari ya juu na faida imehamia nao. Ndiyo maana unalipata kwa bei hiyo na maili chache hivyo: soko linaadhibu nembo, na adhabu hiyo ni nafuu kwako. Spea zake hapa zimejaa, mpya na za yadi za magari chakavu, na fundi yeyote analijua.

Kama gari ni la kukaa hapahapa, la kukupeleka kazini usiku na watoto shule, na hiyo Impala ina V6 ya lita 3.6 pamoja na stakabadhi za kubadilisha oili, mimi ningechukua Impala. Tofauti ya maili 67,000 ni miaka kadhaa ya matumizi yako. Baada ya hapo usiisikilize kompyuta ya dashibodi kuhusu oili. Badilisha kila maili 5,000, maana injini hizi zina cheni ndefu za taimingi na oili chafu ndiyo inayoziua.

Lakini umeuliza habari ya Lubumbashi, na hapo hesabu inageuka. Usukani wa kushoto si tatizo, Kongo mnaendesha kulia. Gari litashuka bandari ya Dar es Salaam, lipite Tunduma, lishike Zambia hadi Kasumbalesa. Likifika, nani ana shokapu ya Impala? Nani ana sensa yake? Camry utapata fundi anayeijua, na spea zisipokuwepo Lubumbashi zitaagizwa bila kutoa maelezo marefu. Kwa hiyo kama nia ya kulituma ni ya kweli na si wazo tu, chukua Camry na usigeuke nyuma.

Lolote utakalochagua, nenda kaliangalie asubuhi na mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Weka mkono kwenye boneti uhakikishe ni ya baridi, kisha liwashwe wewe ukiwa mbele. Mlio wa cheni iliyolegea unausikia sekunde za mwanzo tu. Fungua kifuniko cha oili, ukikuta utando wa rangi ya kahawa ya maziwa, ondoka. Lala chini utazame fremu na mabomba ya breki, hasa kama gari limeishi Ohio au Michigan, kwa sababu chumvi wanayomwaga barabarani majira ya baridi inakula chuma kuanzia chini. Kisha ingiza namba ya chasisi kwenye tovuti ya NHTSA, shirika la serikali la usalama barabarani, ni bure, uone kama kuna marekebisho ya kiwandani hayajafanywa. Hayo utafanyiwa bila kulipa, hata gari likiwa limepita mikono mitano.

Ukishapata stakabadhi za servisi za Impala, andika hapa miaka na maili zilizoandikwa tuzisome pamoja. Na uliza injini ni V6 au ya silinda nne, hujalisema hilo.