Barua kwa Zuhura: mashine yako, na yule mgeni wa tepu

Mwandiga, Kigoma

Mwanangu Zuhura,

Sisi huku hatujambo, mguu wangu ndio ule ule. Ujumbe wako nimeusoma, nikavaa miwani nikausoma tena. Unauliza kama baba yako angekuwa hai angekushauri ukaombe hataza, ile haki ya kisheria ya kuzuia wengine wasiige uvumbuzi wako, ya mashine yako ya chikichi kabla hujaiuza, au angesema uza kwanza upate mtaji, makaratasi yafuate.

Baba yako unamjua. Angesema uza, tena angesema kabla hujamaliza kuuliza, halafu angetaka kujua mota umeipata ya ukubwa gani. Hilo halina haja ya barua. Mimi nataka nikuandikie habari ya yule mgeni wa tepu, maana ulikuwa mdogo na uliisikia kwa kaka zako, na kaka zako wanaisimulia kama kichekesho.

Mashine ya baba yako ilikuwa pale chini ya mwembe, unaikumbuka: pipa lililosimama, mhimili katikati, na ule mti mrefu wa kusukuma huku mnazunguka. Pipa lenyewe hakulibuni yeye, na hakuwahi kudai hivyo. Mapipa ya kusukuma yalikuwepo. Alichofanya ni yale makasia ya ndani. Ya wengine yalikuwa yamenyooka, chikichi zinazunguka nayo tu kama watu wanaofuata ngoma. Yeye akayapinda, moja linatazama juu, linalofuata linatazama chini, zile zilizochemshwa zikawa zinapondwa pande zote mbili na mise, zile kokwa za ndani, hazipasuki. Chuma alitoa kwenye springi za Land Rover mbovu. Na springi, wewe fundi unajua kuliko mimi, kila jani lina tundu katikati linapopita bolti. Yale matundu yakabaki kwenye makasia. Hayakuwa na kazi. Hakuona sababu ya kuyaziba.

Basi akaja yule bwana. Alisema anatoka shirika moja, sitalitaja, na ana nia ya kuwasaidia akina mama wakamuaji. Ana kofia na kidaftari. Baba yako alifurahi kama mtoto. Akaita watu wasukume, akafungua mfuniko, akaeleza kasia moja moja. Nami nikakaanga migebuka kwa mawese mapya, mgeni akala akaomba tena. Baada ya kula akatoa tepu apime. Pipa refu, mtu mmoja hawezi, na ncha ya pili ya tepu akaishika baba yako. Alimshikia mpaka mwisho, hata akarudia kipimo kimoja kwa sababu mgeni alikuwa ameandika vibaya.

Nilisimama mlangoni na sahani. Nilimwambia usiku ule, na nakwambia wewe: kisichoandikwa ni hadithi. Angalau andika tarehe, chora, mpe mwenyekiti wa kijiji agonge mhuri. Akasema, "Mama Zuhura, unataka kugonga mhuri kwenye pipa?"

Miaka ilipita. Tukapanda treni kwenda Tabora, Nane Nane, viwanja vya Ipuli, kikundi chetu kilikuwa na meza ya sabuni. Baba yako akaenda kutembea, akarudi akanishika mkono bila kusema kitu. Kwenye banda moja imesimama mashine imepakwa rangi ya kijani, ina kibao cha jina la watu wengine. Akainama akachungulia ndani. Makasia yamepindwa vile vile, juu, chini, juu, chini. Chuma kipya kabisa cha dukani, hakijawahi kuwa springi ya gari lolote, na katikati ya kila kasia limetobolewa tundu.

Akamuuliza kijana wa bandani, "Hili tundu la nini?"

Kijana akajibu bila kusita, "La kupitishia mafuta, mzee."

Baba yako alicheka mpaka akakaa chini. Alicheka kwenye treni, alicheka mpaka Uvinza. Mimi sikucheka. Mpaka leo nikipita kwa fundi nikaona mtu anatoboa chuma, moyo unanirudi Ipuli.

Sasa usinielewe vibaya. Nimejibishana na nafsi yangu juu ya hili zaidi ya lile shamba la Kalinzi. Nasema ni wizi, halafu nakumbuka mashine za kijani zilifika Simbo, zikafika mpaka kwa shangazi yako, na wanawake wakaacha kutwanga kwenye kinu. Baba yako peke yake angetengeneza ngapi pale chini ya mwembe? Na yeye pipa alilitoa wapi kama si kwa wenzake? Hapo nanyamaza. Kisha nakumbuka kile kibao. Wangeandika tu, "makasia: fundi wa Mwandiga." Wangepungukiwa nini?

Na hata angetaka hataza siku ile, angeipata? Nimesoma ulichonitumia. Uvumbuzi uwe mpya, uwe na hatua ambayo fundi wa kawaida asingeifikia kirahisi, na ufae kutengenezwa na kutumika. Pipa lingekataliwa. Makasia labda yangepita, lakini yalikuwa yamezunguka mbele ya kijiji kizima misimu na misimu, na kitu kilichokwisha anikwa hadharani ni kazi kukiita kipya. Ndiyo maana nashangaa wewe kutaka kuuza kwanza. Huko kuuza ndiko kuanika.

Binamu yako ananiambia umeshamaliza kwa sababu ulisajili BRELA, kwa wale wakala wa serikali wa kusajili biashara. Alichosajili yeye na wewe ni jina la biashara! Jina linalinda jina. Hataza ni ombi jingine kabisa hapo hapo BRELA, lenye maelezo, michoro na madai, yaani kile hasa unachosema ni chako, na nimeelewa kwamba kazi yote iko kwenye madai. Ukidai "mashine ya kukamua mawese" watakurudishia. Ukidai kile kichujio chako kinachotenga nyuzi na mise kwa mpigo mmoja, hapo una neno. Na tarehe ya kupeleka ombi ndiyo inayohesabiwa. Kuanzia hapo una miezi 12 ya kuomba nchi nyingine huku ukishikilia tarehe ile ile. Unaona? Tarehe. Kisichoandikwa ni hadithi, na hata wazungu wa Mkataba wa Paris wa 1883, ule wa kulinda uvumbuzi kati ya nchi na nchi, waliliona hilo.

Lililonikera ni kwamba ombi likifika mbali linachapishwa, kila mtu anasoma. Yaani unalindwa kwa kusema siri yako! Nilikasirika, kisha nikafikiri: mashine si dawa ya mganga. Ukishaiuza, fundi yeyote wa Gungu anaifungua kwa spana na asubuhi ana yake. Siri ya baba yako ililindwa na nini? Mfuniko.

Lakini ile habari ya Mmarekani uliyonitumia, Eli Whitney na mashine yake ya kuchambua pamba, nayo haikuniacha nilale. Hataza alikuwa nayo tangu 1794. Mashine ilikuwa rahisi mno, kila mhunzi akaiunda, na yeye na mwenzake walikuwa wanataka sehemu mbili kwa tano za pamba ya mkulima. Nani atakubali? Akaishia mahakamani miaka, na walipoomba aongezewe muda, Bunge lao likamkatalia. Kwa hiyo karatasi bila nauli ya wakili ni nini? Hapo baba yako angepiga meza, angesema unaona sasa. Ninamsikia kabisa.

Tena na ziwa letu la Tanganyika. Hataza ya hapa inaishia mpakani. Ukiomba kupitia ARIPO ya Harare, shirika la nchi za Afrika la mambo ya hataza, unaweza kuitaja Zambia, maana yake imekufikisha bandari yao ya Mpulungu, na inadumu miaka 20 ukilipa ada kila mwaka. Burundi kule Bujumbura hawamo, Kongo kule Kalemie hawamo. Na mapipa yanavuka kwa boti usiku, unajua mwenyewe. Mtu akiinakili ng'ambo kule utampigia filimbi?

Kwa hiyo sikwambii kaombe, na sikwambii usiombe. Umesoma, mimi nilifundisha darasa la nne. Ningekuwa wewe lakini, basi, si nimesema sisemi.

Ila michoro yako usiitume tena kwenye kundi la familia. Niliifuta kwangu lakini mjomba wako alikuwa ameshaiona, na mjomba wako na mdomo wake unawajua. Ukija Desemba mashine ije imefunikwa turubai, na akija mtu na tepu, ncha ya pili aishike mwenyewe.

Pesa ya mise ya msimu huu nimeiweka pembeni. Ukiamua ni ya ada, niambie. Ukiamua ni ya mota, niambie pia. Nitanung'unika, lakini nitaituma.

Mama yako