Mchungaji na wazee: nani huamua sadaka?

Ndugu, umeuliza kama mchungaji anaweza kupanga matumizi ya sadaka bila kuwashirikisha wazee wa kanisa. Kwetu KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), hapana. Fedha za usharika hupitia baraza la wazee. Mchungaji anasikilizwa sana, ila haamui peke yake. Ibada ikiisha, wazee wa zamu wanahesabu sadaka mezani, wanaandika kitabuni na kutia saini palepale. Hilo msiliache hata Jumapili moja, maana linamlinda hata mchungaji mwenyewe asije akasingiziwa. Soma Matendo 14:23: Paulo na Barnaba waliweka wazee katika kila kanisa, wazee kwa wingi, si mtu mmoja. Kama kwenu baraza halikai, wazee wamwone mkuu wa jimbo, yaani mchungaji anayesimamia sharika za eneo lenu, mapema, kabla watu hawajaanza kugawanyika.