Maswali yenu ya kamera za filamu: mkanda mtupu, betri isiyopatikana na maji ya bomba yenye joto

Nimerithi Pentax K1000 ya baba mkubwa. Imekaa kabatini miaka mingi. Nitajuaje kama bado nzima kabla ya kununua mkanda? (Tanga)

Mkanda umekuwa ghali, usiutumie kujaribia kamera. K1000 ilitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, na shata yake (mapazia mawili yanayofungua na kufunga njia ya mwanga kwenda kwenye filamu) haitegemei umeme kabisa. Betri ni ya kipima mwanga tu, kwa hiyo uchunguzi huu unaweza kuufanya hata bila betri.

Fungua mgongo wa kamera, toa lenzi, ielekeze dirishani. Weka kasi ya sekunde 1, vuta mkono wa kuvutia filamu, bonyeza. Shata ikifunguka ikachelewa kufunga, au ikakwama katikati, mafuta ya ndani yameganda. Kisha weka 1/1000 na utazame kwa nyuma: unatakiwa kuona mmweko wa mstatili mzima. Upande mmoja ukibaki mweusi, ujue pazia la pili linalipata la kwanza njiani, na picha zako zitatoka na ukanda mweusi ubavuni. Mara nyingi kasi za chini kidogo, kama 1/125, huwa bado salama wakati unatafuta fundi.

Mapazia yenyewe ni ya kitambaa. Ingia chumba chenye giza, washa tochi ya simu upande wa lenzi, tazama nyuma. Nukta yoyote ya mwanga ni tundu, na kila tundu litaacha alama kwenye picha.

Malizia na sponji nyeusi zilizo kwenye mifereji ya mlango wa nyuma. Ziguse kwa kijiti cha meno. Zikinata kama lami, zimekufa. Zikwangue kwa kijiti hicho hicho na pamba yenye spiriti kidogo, bila kugusa shata, kisha bandika sponji mpya ya milimita 1.5 hadi 2. Ukipuuza hili, picha za rangi zitakuja na michirizi ya rangi ya chungwa.

Betri ni moja, LR44. Kipima mwanga cha K1000 hakina swichi ya kuzimia, kwa hiyo ukimaliza kupiga funika lenzi kwa kifuniko chake, la sivyo betri itaisha ikiwa kabatini.

Nilipiga mpaka namba ikafika 40 na kamera bado inavuta. Studio wamenirudishia mkanda mtupu. Wameuharibu? (Mombasa)

Kabla ya kugombana na studio, tazama kingo za mkanda. Ukiona jina la filamu na namba za picha zimeandikwa pembeni lakini katikati hamna kitu, basi walisafisha vizuri. Mwanga ndio haukufika. Kama mkanda ni mweupe kabisa, hata maandishi ya pembeni hayapo, hapo dawa ilikuwa imekufa au walitanguliza fiksa (dawa ya mwisho, ya kuifanya picha idumu), na una haki ya kulalamika. Mkanda uliokuwa mweusi ti wote umeungua: umefunguliwa kwenye mwanga.

Lako, kwa namba ile ya 40, karibu hakika ni la kwanza: ncha ya filamu ilichomoka kwenye bobini ya kupokelea. Kidude cha kuhesabu hufuata mkono wa kuvutia, hakijui kama filamu inasogea.

Dawa yake ni hii. Ukishapachika filamu, ingiza ncha kwenye bobini, vuta mara moja mgongo ukiwa wazi uhakikishe meno yameshika matundu ya pande zote mbili, ndipo ufunge. Kisha zungusha taratibu kipini cha kurudishia, kilicho juu kushoto, kwa uelekeo wa mshale wake mpaka kikaze. Sasa vuta picha inayofuata huku macho yako yakiwa kwenye kipini hicho. Kinatakiwa kizunguke chenyewe. Kikitulia, fungua uanze upya. Utapoteza sentimita chache badala ya picha 36.

Mkono ukigoma mwishoni, usilazimishe. Bonyeza kitufe kidogo chini ya kamera kwanza, ndipo urudishe filamu. Wanaosahau kitufe hicho huukata mkanda.

Kamera yangu inataka betri ya zebaki ya PX625. Haipatikani. (Kampala)

Haipatikani kwa sababu betri za zebaki zimepigwa marufuku. Ilitoa volti 1.35 bila kuyumba. Ukiweka LR625 ya volti 1.5, vipima mwanga vingi vitadhani kuna mwanga zaidi ya uliopo, na picha zitatoka na giza. Tumia betri namba 675 ya mashine za kusaidia kusikia, yenye volti 1.4. Ni nyembamba kidogo, izungushie pete ya mpira isicheze. Ukishabandua kile kibandiko chake haidumu sana, lakini bei yake si ya kuumiza.

Pentax Spotmatic haina tatizo hili. Saketi yake haijali tofauti hiyo ya volti.

Na kama kipima mwanga kimekufa kabisa? (Lindi)

Jua kali: tundu la lenzi f/16, na kasi inayokaribia namba ya ISO, ile inayoonyesha wepesi wa mkanda kunasa mwanga. Mkanda wa 200, 1/250. Mawingu mepesi f/11, mawingu mazito f/5.6, kivuli cha wazi f/4. Mchangani ufukweni f/22.

Ila kanuni hii imetoka nchi ambazo jua hukaa ubavuni. Kwetu saa sita mchana jua liko utosini, na macho ya mtu yamo kwenye kivuli cha paji la uso wake mwenyewe. Kwa picha ya uso saa hizo fungua tundu hatua moja au mbili zaidi. Negativu husamehe mwanga uliozidi, uliopungua haziusamehi.

Nataka kusafisha nyeusi na nyeupe nyumbani. Maelekezo yanasema nyuzi 20, bomba langu linatoa 29. (Dar es Salaam)

Inawezekana, kwa barafu. Chukua mkanda wa Ilford HP5 Plus na dawa ya kusafishia ya D-76. Tenki la rili moja (gurudumu la kuvingirishia filamu) hutosheka na mililita 300: 150 za dawa, 150 za maji. Tumbukiza chupa ya dawa iliyochanganywa na tenki lenyewe kwenye beseni la maji, na uweke barafu ndani ya beseni, kamwe si ndani ya dawa. Nyuzi 20 ni dakika 11. Ukishindwa kushuka chini ya 23, punguza robo: dakika 8 na kidogo. Juu ya hapo muda unakuwa mfupi mno na picha hutoka na madoa.

Pindua tenki mara nne ndani ya sekunde 10 za mwanzo wa kila dakika. Suuza, kisha fiksa ya haraka, mililita 60 kwa 240 za maji, dakika 3 hadi 5. Maji ya kuoshea nayo yasipishane sana na dawa kwa joto, maana gelatini (utando wa filamu unaobeba picha) iliyolainika hujikunja.

Wengi wa Pwani hukwama kabla hata ya dawa: mikono inatoka jasho ndani ya mfuko wa giza, filamu inanata kwenye rili ya plastiki. Fanya kazi hiyo usiku au alfajiri, rili iwe kavu kabisa, na ukikwama toa mikono uipumzishe, filamu ukiwa umeifungia ndani ya tenki.

Nasafiri kwa ndege na mikanda. (Nairobi)

Isiingie kabisa kwenye begi la mizigo. Ibebe mkononi kwenye mfuko unaoonyesha, uombe ikaguliwe kwa mkono, hasa penye mashine mpya za CT, za eksirei kali za kukagulia mizigo. Hizo huiunguza hata ISO ya chini.