Ndege umeshainunua, sasa itafikaje nyumbani?

Baada ya makala ya mwezi jana kuhusu kukagua ndege ndogo iliyotumika kabla ya kuinunua, maswali mengi yaliyoletwa yalihusu hatua inayofuata: ndege imepatikana, iko mbali, itafika vipi Malindi au Lamu? Nimeyachagua machache na kuyafupisha.

Sisi ni ndugu watatu, tumekubaliana bei ya Cessna 172 ya mwaka 1976 iliyo karibu na Johannesburg. Muuzaji anasema atatutafutia rubani wa kuileta mpaka Malindi. Safari ni ya siku ngapi, na nani anagharamia? (Malindi)

Mnagharamia nyinyi, hata muuzaji akisema "niachieni mimi". Akiwaambia usafirishaji umo ndani ya bei, mwambieni auandike peke yake, kifungu kwa kifungu, muone umechukua kiasi gani.

Johannesburg mpaka Mombasa kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 2,700, lakini hakuna anayeufuata mstari huo. Rubani atapinda huku na huku kutafuta mafuta na viwanja vyenye forodha, kwa hiyo hesabuni zaidi ya kilomita 3,000. Cessna 172 hutembea kama kilomita 200 kwa saa. Hizo ni saa kumi na tano au kumi na sita hewani, zote za mchana. Mwenye injini moja hana la kutafuta usiku juu ya pori. Sasa ongezeni foleni ya uhamiaji, ada ya kutua, mvua ya saa tisa alasiri na mwenye ufunguo wa bohari ya mafuta aliyekwenda kula. Mambo yakienda sawa ni siku nne. Wekeni fedha za siku saba.

Rubani wa kazi hii hulipwa kwa siku au kwa jumla, na juu yake kuna malazi, chakula, teksi na tiketi ya kurudi kwao. Swali ambalo watu husahau kuuliza kabla ya kutia saini: siku akikwama kwa hali ya hewa analipwa nzima au nusu? Na akikwama kwa sababu injini imeharibika, nani anamlipa fundi?

Jambo zito zaidi ni mafuta. Injini hiyo hunywa petroli ya ndege, avgasi, ile yenye rangi ya buluu, kama lita 30 hadi 35 kwa saa. Matangi ya kawaida ya 172 za miaka hiyo yana takriban lita 144 zinazotumika, yaani saa nne, na huwezi kuzitumia zote kwa sababu lazima ubaki na akiba. Kwa hiyo kila mruko ni kilomita 500 au 600. Mafuta ya jeti utayapata karibu kila kiwanja kinachotuliwa na ndege aina ya Caravan au ndege za abiria. Avgasi ni habari nyingine. Kuna viwanja vikubwa vyenye lami safi na mnara wa kuongozea ndege, lakini avgasi hakuna hata pipa moja.

Basi mtihani wangu kwa rubani wa kuleta ndege ni huu: akuonyeshe karatasi ya vituo vyake, avgasi iko kituo gani, na nani amemthibitishia kwa simu wiki hii. Akikujibu "tutaona huko huko", mshukuru kwa wakati wake, utafute mwingine.

Vibali vya kuruka juu ya nchi na kutua viombwe mapema kwa kila nchi ya njiani. Ndani ya ndege kuwe na vyeti halisi: cha usajili, cha ubora wa kuruka, leseni za rubani, leseni ya redio na kitabu cha safari. Hayo yamo katika kifungu cha 29 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, na afisa wa zamu huyajua kwa moyo. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo isisahaulike.

Nimepata ndege Marekani kwa bei nzuri, ina namba ya N, yaani ya usajili wa Marekani. Nataka niilipe yote, kisha nimtume rubani aichukue na namba hiyo hiyo, usajili wa Kenya tutaufanya ikishafika. Kuna ubaya? (Watamu)

Upo, tena mkubwa. Ndege ina uraia kama wewe, na kwa Mkataba wa Chicago haiwezi kusajiliwa kihalali katika nchi mbili kwa wakati mmoja. Sheria ya Marekani inasema cheti cha usajili hukoma pale umiliki unapohama. Mkiandikishana leo na wewe ni Mkenya usiye na ukaazi wa kudumu kule, kesho ile ndege haina uraia wowote. Namba ya N iliyobaki ubavuni ni rangi tu. Ikiruka hivyo inaruka kinyume cha sheria, na ikianguka kampuni ya bima itakuwa ya kwanza kukukumbusha.

Kuna njia mbili za kulitatua. Ya kwanza ni umiliki ubaki kwa muuzaji mpaka ndege ifike mahali mlipokubaliana, tuseme Mombasa. Fedha ziwekwe kwa wakala wa amana asiye wako wala wake, na mkataba useme waziwazi ni saa gani mali na hatari vinahamia kwako. Wauzaji wengi hawaipendi njia hii, na siwalaumu: ndege yao iko juu ya bahari na fedha bado hawajazishika. Ya pili ni muuzaji kuiomba mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ambayo rejista yake iko Oklahoma City, ifute usajili kwa ajili ya kuuza nje na kuijulisha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA. Baada ya hapo ndege hupewa namba ya 5Y, ya usajili wa Kenya, na kuombewa kibali maalumu cha safari, au hufungwa kwenye kontena na kuja kama mzigo, na mzigo hauhitaji uraia kusafiri.

Kwa ndege ya ukubwa wa 172 kutoka Marekani, mimi ni mtu wa kontena. Kuivusha Atlantiki kunataka tangi la ziada ndani ya chumba cha abiria mahali pa viti, kibali cha kuruka ikiwa imezidi uzito wake, boti ya kuokolea, na rubani wa kupita zaidi ya kilomita 2,000 za maji matupu kwa injini moja. Wapo wanaoifanya kazi hiyo kila mwaka na wanaijua. Lakini bei yao ukiiweka kando ya bei ya ndege ndogo, hesabu hukataa.

Kama ni kontena, si bora ishushwe bandari mpya ya Lamu, iwe imefika nyumbani moja kwa moja? (Lamu mjini)

Mjomba, nakuelewa, gati la kwanza la Kililana lilifunguliwa mwaka 2021 na kila mtu anataka lifanye kazi. Kwa mzigo huu, hata hivyo, chukua Kilindini. Kushusha kontena ni robo ya shughuli. Robo tatu ni kuunganisha ndege, na hilo linahitaji banda lenye sakafu safi, mhandisi mwenye leseni ya KCAA ya aina hiyo ya ndege, vifaa vya kupimia nyaya za usukani, kisha ruko la majaribio. Manda ina kiwanja kizuri, ila bawa la ndege likisafirishwa kwa mashua kutoka Mokowe, na wabebaji wanne wakibishana nani ashike ncha, sitaki kuwepo.

Cessna 172 ina upana wa mita 11 kutoka ncha ya bawa hadi ncha, na urefu wa mita 8 na kidogo. Mabawa, mkia wa kulala na ule wa kusimama vikitolewa, inaingia kontena la futi 40 la aina ya kimo kirefu. Anayefungua awe ndiye anayefunga, au angalau apige picha kila boliti na kila waya kabla hajagusa kitu. Nimeona ndege iliyokuja na mfuko mmoja wa boliti zote zimechanganywa. Fundi alilipwa siku nyingi kwa kazi ya kupanga boliti tu.

Iunganishwe Mombasa, Malindi au kiwanja cha Wilson, Nairobi, ipate karatasi zake, halafu iende Manda kwa mabawa yake.

Nina leseni ya rubani binafsi na saa 95. Baba amenunua ndege Afrika Kusini na anasema niilete mwenyewe ili tuokoe fedha za rubani. Wewe waonaje? (Kilifi)

Mwanangu, usiilete. Mwambie mzee kwa adabu, na ukihitaji mtu wa kumsingizia, nisingizie mimi.

Kwanza kuna sheria: rubani wa ndege inayovuka mipaka lazima leseni yake iwe imetolewa au kuidhinishwa na nchi ndege ilikosajiliwa. Ikiwa bado ina namba ya ZS, ya Afrika Kusini, leseni yako ya Kenya peke yake haitoshi. Pili ni bima, ambayo kwa saa zako itakataa au itadai bei ya kumlipa rubani na chenji ikabaki. La tatu ndilo linaloniogopesha zaidi. Ndege iliyonunuliwa juzi hakuna anayeijua. Hujui inavyolalamika ikiwa na afya, utajuaje inavyolalamika ikiugua? Na familia nzima inakusubiri Jumamosi na pilau iko jikoni. Hamu ya kufika imewapeleka marubani wengi ndani ya mawingu ambayo siku nyingine wangeyakwepa.

Kaa kiti cha kulia, ushike redio na ramani, ujifunze. Rubani akikubali, na wengi hukubali, utarudi umejua mambo yasiyofundishwa darasani.

Mwezi gani ni mzuri kuileta kutoka kusini? (Ngomeni)

Uliza nahodha yeyote hapo kwenu. Kusi ikivuma, anayetoka kusini anasukumwa, na ndege ndogo husukumwa vilevile: kilomita 20 au 30 kwa saa za bure ni kituo kimoja cha mafuta kilichopungua. Lakini kusi huanza pamoja na masika, na mvua za pwani yetu za Aprili na Mei si za kuchezea. Kaskazi ina mbingu nzuri huku kwetu, ila ndiyo miezi ambayo Zambia, Malawi na kusini mwa Tanzania zina ngurumo kila alasiri, tena utakuwa unaupiga upepo usoni.

Ningechagua Julai na Agosti. Kuanzia Septemba mpaka tanga mbili, pepo zinapobadilika, hewa huko Zambia hujaa moshi wa mashamba na pori linalochomwa, rubani haoni mbali.

Je, tunaweza kutua Manda moja kwa moja tukitoka Tanzania? (Shela)

Pangeni kuingilia Moi, Mombasa, au Wilson, mmalizane na forodha na uhamiaji, kisha mwende Manda kama safari ya ndani.

Kodi ni kiasi gani? (Mpeketoni)

Sitaandika asilimia hapa, kwa sababu Sheria ya Fedha hubadilishwa kila mwaka na ndege zimekuwa zikiingizwa na kutolewa kwenye misamaha. Mtafute wakala wa forodha aliyewahi kutoa ndege, siyo gari, akuandikie ushuru, VAT, ada ya tamko la uagizaji na tozo ya reli, kila moja na kiasi chake, kabla hujalipa amana ya ndege yenyewe.

Vitabu vya kumbukumbu za injini na za mwili wa ndege vije ndani ya ndege? (Malindi)

Hapana. Kitabu cha safari ndicho kinachopanda. Hivyo vingine vipigwe picha ukurasa kwa ukurasa, halafu vije kwa kampuni ya vifurushi. Ndege ikipata ajali navyo vikiwa ndani, umepoteza pia ushahidi wa jinsi ilivyotunzwa.

Ndege yetu imefika salama juzi, alhamdulillahi. Itakaa Manda. Tufanye nini kwanza? (Lamu)

Hongereni. Kwanza ile redio ya dharura inayoita satelaiti kwa masafa ya megahezi 406. Ndani yake kuna namba inayotaja nchi ya usajili, na kama haijabadilishwa, siku ya balaa watakaopigiwa simu ni watu wa nchi ilikotoka. Kama ni ya zamani, ya 121.5 peke yake, satelaiti ziliacha kuisikiliza tangu Februari 2009, nunueni mpya.

Halafu chumvi. Ioshwe kwa maji matamu, maji ya vilima vya Shela, siyo ya kisima chenye magadi, na fundi apulizie dawa ya kuzuia kutu ndani ya mabawa. Mrija wa kupimia mwendo uvishwe kifuniko kila jioni, kwa sababu nyigu huujaza udongo upesi. Na msiwe na tabia ya kuiwasha injini chini dakika kumi kila wiki "isilale". Haipati moto wa kutosha kukausha unyevu ulio ndani ya oili, na kutu huanzia hapo. Irukeni kama saa nzima, au mkijua itakaa zaidi ya mwezi, mwiteni fundi aihifadhi kwa oili ya kuhifadhia injini na kuziba matundu yake.