Luiche iwe na sahihi moja

Wiki hii jarida limeuliza: “Mto unaopita mjini ukiharibika, ni ofisi gani iwajibike?” Mimi ni mkazi wa Ujiji, na shamba langu la mpunga liko bondeni mwa mto Luiche, karibu na unapoingia Ziwa Tanganyika. Jibu langu ni Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, iliyo hapa hapa Kigoma. Ila kwa sasa haina meno ya kutosha, na sababu nimeiona kwa macho yangu.

Masika moja ukingo ulianza kumeguka shambani. Juu kidogo vijana walikuwa wakichimba mchanga, na malori yalishachimba njia mpaka majini. Ofisi ya kwanza niliambiwa mchanga ni madini, niende kwa wahusika. Wahusika wakasema leseni ipo, habari ya ukingo ni ya watu wa mazingira. Wa tatu walinisikiliza vizuri, wakaandika, kisha wakauliza: pale ni manispaa au ni halmashauri ya wilaya? Sikujua. Kabla mvua hazijakatika, mchikichi alioupanda marehemu baba, hatua kumi kutoka majini, ulilala mtoni mizizi juu, chikichi zake zikiwa bado nyekundu.

Hakuna aliyenidanganya. Leseni ya mchanga hutoka Tume ya Madini, kibali cha kutumia maji hutoka Bodi ya Bonde, makalavati ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, taka za mjini ni za manispaa, na zile mita 60 kutoka ukingo wa mto zinalindwa na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, inayosimamiwa na NEMC, baraza la taifa la mazingira. Sisi watu wa ziwani tunaijua hali hii: manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Kila mafuriko yakija husikia watu wakidai iundwe mamlaka mpya. Siungi mkono. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeshatupa bodi za mabonde na jumuiya za watumia maji. Na bodi haina haja ya kuuliza manispaa au wilaya, kwa kuwa mpaka wake ni bonde lenyewe, yaani eneo lote ambalo maji yake huteremkia ziwani. Luiche unatoka vilima vya Kasulu. Tope linaloteremka nao hufunika mawe ya ufukweni ambako samaki wengi wa ziwa hili hula na kuzalia. Manispaa peke yake itafanya nini huko?

Naomba jambo moja: ndani ya bonde hili, isitoke leseni ya mchanga, kibali cha ujenzi wala mkataba wa kalavati bila sahihi ya Bodi ya Bonde. Kila mwenye sheria yake abaki nayo, lakini karatasi ipite meza moja.

Dar es Salaam iliwabidi mwaka 2018 kukaa pamoja, taasisi na wananchi, kupanga upya bonde la mto Msimbazi, wakati watu walishajenga ndani yake. Mwaka 2022 ukaja mkopo wa dola milioni 200 wa Benki ya Dunia kwa kazi hiyo. Luiche bado ni mpunga na michikichi, kwa hiyo sahihi na bikoni za mita 60 leo ni rahisi mno kuliko fidia za kesho.

Nakala za vibali hivyo zibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, jumuiya ya watumia maji ipewe yake. Lori likiteremka mtoni, nijue asubuhi ileile nimwulize nani.