Kisima cha ghalani, na miaka mitatu niliyoichezea

Juzi dada mmoja wa Kigoma kanitumia ujumbe: mumewe anaumwa figo, mtaa mzima ulikunywa kisima kimoja kwa miaka, je, wanaweza kudai fidia? Swali limenitonesha.

Kwetu Urambo kisima kilikuwa nyuma ya ghala la dawa za tumbaku. Masika yakikolea, ndoo ikilala ndani, asubuhi unakuta utando juu, unameremeta kama mafuta ya taa. Mama aliuengua kwa kata, akasonga ugali. Tulisema maji yamechafuka kidogo tu.

Mwaka 2013 akaambiwa figo zimekufa. 2014 tukamzika. Mimi nikarudi kukimbizana na asali yangu, hasira nimeifungia kifuani. Hadi 2019 ndipo nilipopanda ngazi za wakili Tabora mjini, nimejipanga kuhadithia kisima. Hakukitaka. Aliuliza, "Kijana, mama aligundulika lini?" Nikamtajia. Akafunga faili.

Madai ya madhara ya namna hii yana miaka 3 kisheria. Waziri wa sheria anaweza kuongeza, lakini si zaidi ya nusu yake. Mimi nilishapita kote huko. Na hata ningewahi, ningethibitisha nini? Risiti za jeneza ninazo, majibu ya vipimo sina. Maji hayakupimwa, na kisima kimeshafukiwa.

Msiniletee habari za Camp Lejeune, ile kambi ya jeshi la Marekani iliyokuwa na maji yenye sumu. Wamarekani wale waliokaa kambini siku 30 au zaidi kati ya 1953 na 1987 nao sheria ya jimbo la North Carolina ilikuwa imewafungia mlango. Ilibidi Bunge lao litunge sheria mpya mwaka 2022, nayo ikawapa miaka 2 tu ya kuwasilisha madai. Sisi nani atatutungia?

Kwa hiyo acheni kulia kwenye vijiwe. Cheti cha hospitali kitoe nakala. Maji yapelekwe kupimwa kisima kikiwa bado wazi, mashahidi wakiwepo. Kama kisima ni cha halmashauri, kuna notisi ya siku 90 ya kuwapa kabla ya kushtaki. Cheti, jamani. Cheti! Kaka yangu bado ananilaumu kwa hili, na sina la kumjibu.

Dada wa Kigoma, hadithi ya kisima utanipa baadaye. Shemeji aligundulika lini? Niandikie tarehe tu.